Geji za Injini Hazibembelezwi: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Kijana wa Ziwani Anayesomea Urubani

Ziwani tunaishi chini ya ndege. Kutoka kwetu hadi Moi Air Base pale Eastleigh ni mwendo wa mguu, na kabla uwanja wa Embakasi haujafunguliwa mwaka 1958, hapo Eastleigh ndipo abiria wa Nairobi walipopandia ndege. Mtoto wa mtaa huu hukua shingo ikiangalia juu. Wachache kati yao sasa wamefika uwanja wa Wilson kusomea urubani, na wazazi wao wamekopa sacco, wamefanya harambee, wengine wameuza kipande cha shamba huko ushago. Kwa hao naandika. Hongera mlishapewa siku ya harambee, kwa hiyo sitaipoteza nafasi hii kwa kurudia. Nina jambo moja tu la kuwaambia: geji za injini husomwa zote kwa pamoja, husomwa kabla mkono haujagusa kitu, na zikisema hapana hakuna kujadiliana nazo.

Acha tabia za steji huko huko steji. Angalia dashibodi ya matatu tunazopanda kila siku. Taa ya injini imezibwa kwa kipande cha tepu nyeusi. Sindano ya joto ililala zamani. Ukimuuliza dereva, anakujibu, "Hiyo huwa hivyo tu." Ukitaka, fundi wa jua kali atakuchomolea balbu yenyewe, na taa haitakusumbua tena. Gari likizima, abiria hushuka Muthurwa wakamalizia kwa miguu. Ndege haina Muthurwa.

Usipae na ubovu unaoujua. Alfajiri ya tarehe 2 Julai 2014, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 iliondoka uwanja wa Jomo Kenyatta ikipeleka miraa Mogadishu. Haikufika mbali. Iliangukia Utawala, hapo hapo Eastlands, ikagonga jengo la biashara, na wote 4 waliokuwa ndani wakafa. Wachunguzi wa ajali walieleza chanzo kwa maneno makavu: wahudumu waliamua kuruka na hitilafu ya kimitambo waliyoijua, na hawakusitisha safari walipokuwa wakipaa hata baada ya kupata tahadhari 27.

Ishirini na saba. Sitawasingizia marehemu sababu ambayo hawakuitaja. Ninachojua, na kila mtu wa Eastlands anakijua, ni kwamba miraa ni biashara ya haraka. Ikilala, imelala na bei. Mizigo ya namna hiyo husukuma watu. Basi sharti lako liwe hili: kinachooza kioze. Ukiona geji ya torki ya injini moja, yaani nguvu inayozungusha propela, iko chini ya mwenzake ukiwa bado chini, unazima, unaita fundi, unaandika. Usiseme "ilikuwa hivi hata jana ikafika". Jana si kipimo. Na usikubali kurithi ubovu kwa mdomo kutoka kwa rubani anayeshuka, ule wa "hiyo usijali, izoee". Kuna orodha rasmi ya vifaa vinavyoruhusiwa kuwa vibovu ndege ikaruka, na masharti yake. Kama ubovu wako haumo kwenye orodha hiyo, huna ruhusa, hata kama mwenye ndege anakupigia simu kila dakika mbili.

Amua kabla ya kuachilia breki. Hapa ndipo vijana wengi hupatwa. Wanafikiri uamuzi wa kusimama hufanywa ndege ikikimbia. Ikikimbia huna muda wa kuamua. Una muda wa kutekeleza tu kile ulichokwisha kuamua. Kwenye Boeing, kabla ya kasi ya noti 80, unasimama kwa sababu nyingi: taa ya tahadhari ya mfumo, tairi kupasuka, mtetemo au kelele isiyo ya kawaida, kasi inayopanda polepole kuliko inavyopaswa. Ukipita 80 orodha inafupishwa sana: moto, injini kufa, onyo la upepo unaogeuka ghafla, au hali inayofanya ndege isiweze kuruka salama. Ukipita V1, ile kasi ya uamuzi, unapaa, na tatizo lako utalishughulikia angani. Airbus mpaka wao ni noti 100. Sema haya kwa sauti, na mwenzako ayasikie, kila safari, hata kama ni ya nne siku hiyo na mmechoka kusikilizana.

Tena hapa Nairobi usijidanganye na namba za kwenye vitabu vya watu wa pwani. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Geji ya kasi ikisoma kama Mombasa, magurudumu yako yanakimbia zaidi kwa karibu asilimia 10, na lami inaisha upesi kuliko unavyohisi. Ndiyo sababu njia ya kurukia pale inazidi kilomita 4. Injini nayo, ili ikupe nguvu ile ile, hufanya kazi kwa joto zaidi kuliko ingefanya kwenye usawa wa bahari. Rubani aliyezoea kuangalia torki peke yake, akasahau joto la turbini, atachoma injini ya mwenyewe huku akijisifu kwamba sindano ya torki haijagusa mstari mwekundu.

Jifunze namba za kawaida kabla ya namba nyekundu. Mwanafunzi humwimbia mkaguzi mipaka yote kama shairi, lakini ukimuuliza presha ya oili ya ndege yake huwa ngapi ikitulia angani, anakutolea macho. Mstari mwekundu ni wa kiwandani. Hali ya kawaida ya injini ile, ndege ile, asubuhi ile, hiyo unaijua wewe uliyekaa nayo. Injini mara nyingi huanza kusema mapema: joto limepanda digrii chache kuliko wiki iliyopita kwa nguvu ile ile, mafuta yanatumika zaidi kidogo upande mmoja, mtetemo umeongezeka nukta. Zote ziko kwenye kijani. Skrini za kisasa, ile EICAS ya Boeing na Embraer au ECAM ya Airbus, hukaa kimya hadi mpaka uvukwe, na ukimya huo umewafanya marubani wengine wavivu wa macho. Kompyuta inakwambia umevuka. Kwamba unakaribia, hilo ni jukumu lako.

Ukiwasha, usiondoe mkono. Chukua Cessna Caravan, ambayo Wilson zimejaa na ambayo huenda ikawa kazi yako ya kwanza ukibeba watalii Mara. Unabonyeza kiwashio, unatazama mzunguko wa injini ukipanda. Haujafika asilimia 12, humwagi mafuta. Ukimwaga mapema, hewa haitoshi, na moto unajaa mahali usipotakiwa. Ukishafungua mafuta, macho yanahamia kwenye joto la turbini, na mkono unabaki kwenye wenzo wa mafuta, haupumziki, hauendi kwenye redio, haumpungii mtu wa chini. Joto litaruka. Kwa injini ile, mpaka wa kuwasha ni digrii 1,090 kwa sekunde 2, si zaidi. Ukiona linapanda kwa kasi na mzunguko umegoma, funga mafuta papo hapo na uache kiwashio kiendelee kupuliza hewa. Usingoje kuona litafika wapi. Betri iliyochoka ndiyo hukuingiza kwenye shida hii: mzunguko unagoma kwenye asilimia 10, abiria wameshafunga mikanda, mwongozaji wao anaangalia saa, nawe unashawishika kuongeza mafuta "kidogo tu". Zima. Omba umeme wa nje. Abiria watanuna, na wakifika Mara watasahau.

Usiamini geji moja, hata ile unayoipenda. Tarehe 13 Januari 1982 huko Washington, Boeing 737 ya Air Florida ilipaa katika theluji. Barafu ilikuwa imeziba tundu dogo linalopima presha mdomoni mwa injini, na geji kuu ya nguvu, EPR, ikasoma 2.04 wakati nguvu halisi ilikuwa kama 1.70. Geji nyingine zilikuwa mbele yao na zilisema ukweli. Rubani msaidizi aliona, akasema zaidi ya mara moja kwamba mambo si sawa. Kapteni akaendelea. Ndege iligonga daraja ikatumbukia mto Potomac. Watu 78 walikufa, 4 kati yao wakiwa kwenye magari yao darajani. Na nyenzo za nguvu zilikuwa na nafasi ya kusukumwa mbele muda wote huo.

Kwetu hakuna theluji, lakini kuna nyigu wa udongo. Hawahitaji siku nyingi kuziba tundu la kipimo ndege ikiegeshwa bila vifuniko, na viwanja vyetu vya porini vimejaa nyigu. Kwa hiyo zunguka ndege yako, tia macho kwenye kila tundu, na ukiwa ndani linganisha: injini ya kushoto na ya kulia, mzunguko na joto, joto na mafuta yanayotumika. Chukua mfano wa oili, maana utakutana nao. Presha ikishuka huku joto la oili na kiasi chake vimetulia, huenda kipimo ndicho kinachougua. Presha ikishuka na joto likapanda, hicho si kipimo. Injini inaungua na una dakika chache za kupanga. Katika hali ya kwanza pia hupuuzi. Unafungua orodha ya ukaguzi, unaangalia uwanja wa karibu, unaendelea kulinganisha.

Mkono usitangulie macho. Hili ningelichora ukutani Wilson kama wangeniruhusu.

Tarehe 8 Januari 1989, Boeing 737-400 ya British Midland ilikuwa ikitoka London kwenda Belfast. Panga moja la feni ya injini ya kushoto lilikatika. Ndege ikatetemeka, moshi ukaingia. Kapteni aliuliza ni injini ipi. Rubani msaidizi akaanza kutaja ya kushoto, akajikatiza, akasema ya kulia. Wakaipunguza ya kulia, kisha wakaizima. Iliyokuwa nzima. Kwa bahati mbaya mtetemo na moshi vilipungua wakati ule ule, na hapo wakaridhika kabisa. Geji za mtetemo zilikuwepo, zikionyesha upande wa kushoto. Lakini zilikuwa ndogo, pembeni, na marubani wa kizazi kile walikuwa wamefundishwa na ndege za zamani kwamba geji za mtetemo ni waongo. Injini ya kushoto ilikata roho walipokuwa wakikaribia kutua East Midlands. Watu 47 kati ya 126 walikufa karibu na kijiji cha Kegworth, kando ya barabara kuu ya M1.

Utasema hiyo ni ya zamani, skrini zimeboreshwa. Basi njoo 2015. Tarehe 4 Februari, ATR 72-600 ya TransAsia, ndege mpya yenye skrini safi, ilipaa Taipei. Propela ya injini ya kulia ilijigeuza yenyewe kwa hitilafu ya kipimo, ikaacha kuvuta. Skrini iliandika wazi ni injini gani. Kapteni akavuta wenzo wa kushoto, na mwishowe injini ya kushoto ikazimwa. Alipogundua, ndege haikuwa na mwinuko wa kutosha. Iligonga daraja na teksi iliyokuwa juu yake, ikaingia mtoni. Walikuwa 58, wakafa 43.

Kati ya ajali hizo mbili kuna miaka 26 na kizazi kizima cha skrini, na mkono ni ule ule. Dawa yake ni ya kuchosha, ndiyo maana watu huiruka. Anayeendesha aendeshe tu. Usiguse wenzo wowote chini ya futi 400. Ndege iliyobakiwa na injini moja ikiendeshwa vizuri inapanda, tulia. Kisha anayesaidia anataja injini, anaweka kidole kwenye wenzo, anangoja. Anayeendesha anaangalia geji mwenyewe, haangalii uso wa mwenzake, ndipo anasema ndiyo. Wenzo unarudishwa polepole, na kama ndege inazidi kuzorota, unausukuma mbele tena. Ukiwa kwenye ndege ndogo ya injini mbili za pistoni, mguu wako unakusaidia: mguu uliolegea ndio upande wa injini iliyokufa. Hata hapo thibitisha kwa wenzo kabla ya kuzima chochote. Kuzima injini nzima hakuna haraka inayokuhalalishia.

Wewe uliyekaa kulia, sema. Tumelelewa Ziwani kwamba mkubwa hakosolewi mbele ya watu, na ni malezi mazuri, lakini yaache kwenye ngazi za ndege. Hutamwita kapteni kwa jina wala kumkemea, utamwambia, "Kapteni, torki ya kushoto iko chini, naomba tusimame." Jina la geji, upande, unachotaka kifanyike. Yule wa Washington alikuwa na macho mazuri na sentensi dhaifu. Alisema haionekani sawa, hakusema tusimame. Nawe kapteni, ukisikia neno la msaidizi wako usimwulize ana masaa mangapi angani. Angalia geji. Na wahudumu wa abiria nao ni macho yako. Kule juu ya Kegworth, watu waliokaa nyuma waliona cheche upande wa kushoto, wakasikia kapteni akitangaza injini ya kulia, wakanyamaza wakidhani mwenye ndege anajua.

Usidharau geji zisizo mbele yako. Novemba 20, 1974, Boeing 747 ya Lufthansa ilianguka hapa Embakasi mara tu baada ya kupaa. 59 kati ya watu 157 walikufa. Injini zote zilikuwa zikivuma vizuri. Lakini vali za hewa ya injini, ile inayosukuma mabawa madogo ya mbele yafunguke, zilibaki zimefungwa kwenye ubao wa mhandisi wa ndege, na bila mabawa hayo ndege nzito kwenye hewa ya Nairobi haikuweza kupanda. Boeing waliongeza onyo baadaye. Kwenye ndege utakazoendesha wewe, mhandisi hayupo tena, na ubao wake umeingizwa kwenye kurasa za skrini ya chini. Kurasa hizo hufunguliwa na mtu. Zifungue.

Usifukuze kila ujumbe. Injini moja ya A380 ya Qantas ilipopasuka juu ya Indonesia tarehe 4 Novemba 2010, skrini ilimwaga ujumbe zaidi ya 50. Walikuwa marubani watano mle ndani, na hata wao ilibidi waache kuuliza kipi kimeharibika wakaanza kuhesabu nini bado kinafanya kazi. Wote 469 walishuka salama. Kuendesha ndege kwanza, kusoma baadaye, redio mwisho.

Mafuta hayabishaniwi na mtu yeyote, hata mwenye shoka. Kapteni Leul Abate wa Ethiopian Airlines aliondoka Addis Ababa tarehe 23 Novemba 1996 kuja Nairobi, akiwa na mafuta ya kuja Nairobi. Watekaji, wakiwa na shoka, walitaka Australia. Aliwaonyesha geji, wakakataa, kwa kuwa jarida la kwenye ndege liliandika Boeing 767 inaweza kuruka kwa muda wa saa 11. Injini zilizimika moja baada ya nyingine, wakaangukia baharini Komoro. 125 kati ya 175 wakafa. Wewe hutatekwa, Mungu akipenda. Lakini utakutana na mteja au bosi atakayekuambia mafuta yanatosha kwa kuwa jana yalitosha.

Mambo madogo nayapitia haraka. Simu isitolewe kupiga picha skrini, hata kama geji zimepangika vizuri na mama yako angependa kuona. Usigonge kioo cha geji kwa kidole ukifikiri utaiamsha. Kengele ya onyo isizimwe kabla ya kusoma imelia kwa nini. Porojo zikome chini ya futi 10,000, lakini kumbuka futi hizo ni za kutoka baharini. Ukitoka Jomo Kenyatta hadi hapo umepanda kama futi 4,700 tu, kwa hiyo mimi ningewaongezea nyingine.

Ukishatua, andika. Usimwambie fundi kwamba injini "haisikiki vizuri". Andika kwenye kitabu cha ndege: injini ipi, geji ipi, ilisoma ngapi, mwenzake ilisoma ngapi, mwinuko gani, joto la nje gani, ilidumu kwa muda gani. Tia sahihi kabla ya kuteremka. Akija msimamizi kukuomba uiandike kesho ili ndege iruke safari ya jioni, mpe kalamu yeye aandike kwa jina lake kwamba amekataa. Wengi huirudisha kalamu.